Mbao Mbili za Chini

Mugonile, wanangu. Nimesikia kwamba ninyi vijana wa hapa Bondeni mmepata kibarua cha kuzibua mifereji ya lile shamba la zamani, kule chini upande wa Ngana. Hongereni. Nimewasikia pia mkicheka barazani kwangu, mkisema mzee huyu kafanya kazi ya mifereji maisha yake yote na mpaka leo akitaka kukanyaga udongo mweusi lazima ainame aushike kwanza. Ni kweli nainama. Chekeni mshibe, kisha kaeni niwaeleze, maana mmeajiriwa kwenda mahali ninapopajua vizuri mno.

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msije mkanisifu bure. Nilikuwa mwoga nilipoanza kazi, nikawa mwoga zaidi nilipoijua. Mashujaa niliofanya nao kazi, wengine tuliwatafuta kwenye matete kwa kamba na ndoano. Kwa hiyo mkiniona nawakataza hiki na kile, jueni ni uoga unaosema, na huo ndio ulionileta mpaka uzeeni.

Kazi yangu ilikuwa kushika mlango wa maji. Usidhani ni mlango wenye bawaba. Ni nguzo mbili za zege zimesimama ndani ya mfereji, kila nguzo ina mwanya, na kwenye mianya hiyo unashusha mbao, moja juu ya nyingine, mpaka maji yafike kimo unachokitaka. Ukitaka yapungue unang'oa ubao wa juu. Ukitaka yajae unaongeza. Mtoto anaweza kuelewa kazi hiyo kwa muda wa kumenya ndizi. Shida ni kwamba maji yaliyozuiliwa yana hasira, na ubao ukishaachia hauulizi nani amesimama mbele yake.

Hilo nililijua wiki yangu ya kwanza, enzi zile shamba likiwa la umma na tunalima mpunga. Nilikuwa kijana wa kujionyesha. Nikasimama upande wa chini wa mlango, ndani ya mfereji mkavu, nikashika ubao wa juu kwa mikono miwili nikauvuta. Nilichokumbuka baadaye ni kunywa maji mengi. Nilitokea kwenye jaruba walikokuwa wanawake wakipandikiza mpunga, nimelala kifudifudi, bila suruali. Walipiga vigelegele. Mzee Asajile, aliyekuwa akinifundisha kazi, alikuja polepole huku akitafuna muwa, akanirushia gunia la mbolea nijifunge. Nilirudi nyumbani na gunia lile, na kwa miaka mingi watu wa kijiji chetu cha Talatala hawakuniita jina jingine ila Mbolea.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo. Simama juu ya daraja, lile linalovuka mlango. Kamba moja kiunoni, nyingine kwenye ubao. Na usivute kabla hujajua suruali yako iko wapi.

La pili alinifundisha Mzee Asajile huyohuyo, na hili hakulifanyia mzaha. Alinichukua mpaka mlango mkuu wa chini, unaotoa maji kuelekea ziwani, akanionyesha mbao mbili zilizokaa chini kabisa, zimeota ukoko wa kijani. Zilikuwa mbao za mninga, nene, pana kuliko meza ya kulia. "Hizi," alisema, "masika, kiangazi, njaa, shibe, haziguswi." Kisha akachota konzi ya ule udongo mweusi wa bwawani akaikamua. Maji yakatiririka kati ya vidole vyake. "Ukikamua na maji yakatoka, nenda kalale. Ukikamua na usipate tone, mwana gwangu, usilale."

Nilimuuliza kwa nini. Akatema makapi ya muwa.

"Huu si udongo. Ni majani na matete ya tangu enzi za mababu, yamelala majini hayajaoza. Ukikauka unakuwa na njaa. Niliuona ukiwaka mara moja, nikiwa kijana. Sitaki kuuona tena."

Sikumwuliza zaidi. Uso wake ulinitosha.

Sasa mnajua wenyewe mambo yalivyokuja kubadilika. Soko likawa huria. Shamba la umma lilikufa polepole, kwanza trekta, halafu mashine ya kukoboa, halafu sisi. Kwa muda mrefu nilivusha mchele na kakao kwa baiskeli kwenda upande wa Malawi kwa shemeji zangu na kurudi na vitu vya dukani, na mbao mbili za chini zikabaki palepale zikifanya kazi bila mshahara. Mzee Asajile akafariki. Bwawa likajaa, likarudi kuwa la vyura na kambare.

Ndipo ikaja kampuni. Walisema watapanda michikichi bonde zima, wakamue mafuta, na mafuta hayo yataendesha magari Ulaya badala ya dizeli. Tuliwacheka. Michikichi tulikuwa nayo tangu zamani na mafuta yake tukipikia. Lakini waliajiri. Walitafuta mtu anayeijua mifereji ya zamani, wakaletwa kwangu, nikapewa buti, kofia na koti la mvua. Mke wangu alilia kwa furaha. Binti yetu Tusekile alikuwa shuleni, na sisi tulikuwa tumeshachoka kuishi kwa kubahatisha.

Kijiko cha kuchimbia kilikuja kikachimba mfereji mkuu ukawa na kina mara mbili ya ulivyokuwa. Mchikichi haupendi miguu yake ikae majini. Siku walipozing'oa zile mbao mbili za chini kwa winchi mimi nilikuwepo. Nilisema nilichoambiwa na mzee wangu. Meneja, mtu mpole tu wa kutoka Kaskazini, alinisikiliza vizuri akaniambia kwamba wataalamu wameshapima. Maji yakaondoka. Kwa wiki nzima watu walikuja na vikapu kuokota samaki waliobaki kwenye matope, na kila mtu aliisifu kampuni.

Mbao zenyewe zilikuwa nzima kabisa, hazina hata mdudu, na fundi seremala akaona ni dhambi kuziacha. Akaziunga pamoja, akazipiga randa, zikawa bango. Likasimamishwa mlangoni mwa shamba, maandishi ya kijani: SHAMBA HILI HALICHOMI CHOCHOTE. TUNALINDA HEWA YA DUNIA.

Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi ya kampuni kwa wanunuzi wake. Aliyetueleza maana yake alikuwa afisa mazingira, binti wa Kihehe tuliyemwita Dada Neema. Alikaa nasi chini, akachora kwenye vumbi. Alisema gari likichoma mafuta linatoa hewa ukaa, na hewa hiyo inaipasha dunia joto, mvua zinapotea njia. Lakini mafuta ya mchikichi, mti wenyewe uliinyonya hewa hiyo ukiwa unakua, kwa hiyo kinachotoka ni kile kilichoingia. Ndiyo maana kampuni iliahidi kutochoma kitu shambani, wala nyasi, wala matawi. Nilimwuliza, "Na huu udongo, dada? Nao si majani?" Akaufuta mchoro. Kisha akasema alishauliza hilo kwa wakubwa, akaambiwa kwamba udongo haumo kwenye hesabu. Niliona kwamba jibu hilo halikumpendeza, na wala halikunipendeza mimi.

Wakubwa waliogopa moshi kama wengine wanavyoogopa nyoka. Mara moja walikuja wageni wa wanunuzi, tukawa tumesimama nao kwenye tuta, na mmoja akanyoosha kidole ziwani. Kule mbali palikuwa na wingu jeusi limesimama juu ya maji. "Nani anachoma?" Meneja akanigeukia. Nikamwambia amweleze mgeni kwamba wale ni kungu, vile vidudu vya ziwani vinavyoruka kwa makundi, na kwamba sisi tunavikamata na kuvila. Mgeni alifurahi mpaka akataka kuonja. Siku hiyo nilipata chai ya maziwa ofisini. Lakini baada ya hapo nyapara akawa haishi kutuambia, "Nisione moshi. Nikiona moshi, aliyeupika hana kazi."

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo palipoharibika, na waliopaharibu hawakuwa watu wabaya.

Mnajua mama zetu wanavyokwenda shambani. Anatoka nyumbani na makaa ya moto kwenye kigae cha chungu, ameyafunika majivu, ili mchana apike hukohuko. Wanawake wa palizi walifanya hivyo, kina Mama Lugano na wenzake, na wakimaliza kupika walifanya kile ambacho kila binti wa huku hufundishwa: unachimba shimo dogo, unasukumia makaa ndani, unafukia kwa udongo, unakanyaga. Ndiyo adabu ya moto. Mtu asiyefukia moto wake tunamwita mchawi. Na kwa sababu ya maneno ya nyapara, wakawa wanafukia haraka zaidi na chini zaidi, moshi usionekane.

Kwenye udongo wa tutani hilo ni sawa. Kwenye udongo ule mweusi, walikuwa wanaulisha moto.

Ilikuwa kiangazi, ule upepo wa ziwani unavuma kutwa nzima. Nilianza kusikia harufu, si ya moshi wa kuni, ni harufu nzito kama ya nguo kuukuu inayoungua bila mwali. Nikakuta mche mmoja wa mchikichi umelala chini. Nikauinua, ukaja wote mkononi kama ufagio, mizizi hamna, imekuwa masizi. Nilikuwa na mwanzi mrefu wa kupimia kina cha mifereji. Nikauchomeka pale. Uliingia bila kuzuiwa na kitu, kana kwamba chini hapana nchi. Nilipoutoa, ncha yake ilikuwa ya moto, inafuka.

Nilikaa chini, halafu nikaruka, kwa sababu nilikumbuka nimekalia nini.

Nikamwita Dada Neema. Alikuja kwa kukimbia, na hatua chache kabla hajanifikia mguu wake mmoja ukazama mpaka ugokoni. Alipiga ukelele mmoja tu. Nilimvuta kwa mwanzi. Soli ya buti lake ilikuwa imelainika, inanata. Tulitazamana, yeye na elimu yake, mimi na miaka yangu.

"Baba Tusekile," alisema, "moto umetembea mpaka wapi?"

"Sijui. Hauonekani."

Na hicho ndicho kilichonitia hofu kuliko yote niliyowahi kuona. Moto wa juu unauona, unajua ukimbilie wapi. Huu ulikuwa unatembea chini ya nyasi za kijani, chini ya njia wanazopita watoto kwenda shule, na juu ndege wanaimba. Tulizunguka na mwanzi, tunachomeka, tunagusa kwa nyuma ya kiganja. Nyuma ya kiganja, wanangu, si kwa ndani, kwa sababu ngozi ya ndani ya mfanyakazi haisikii kitu. Kila tulipogusa pakiwa pa moto, Neema alisimika kijiti. Vijiti vilipokuwa vingi nikaona vinaelekea wapi.

Vilikuwa vinaelekea Kisiwani.

Kisiwani ndiko nilikozaliwa. Hakuna ziwa pale. Ni kiinuko kidogo katikati ya bwawa, ambacho babu zangu walikijenga kwa kupandisha udongo huohuo mweusi, wakapanda migomba kukizunguka. Zamani tulifika kwa mtumbwi. Mama yangu alikuwa akiishi pale peke yake. Nilishamsihi mara nyingi ahamie kwangu, na kila mara jibu lilikuwa moja: baba yuko uani. Sisi tunazika nyumbani, mnajua, na mama alikuwa hajawahi kulala mbali na kaburi lile.

Tulikwenda kwa meneja. Nilimwambia: tufunge mlango mkuu wa chini, tufungue mlango wa juu wa kutoka mtoni, bonde lijae maji kama zamani. Moto huu hauzimwi kwa ndoo.

"Miche itakufa yote," alisema.

"Itakufa."

"Na wageni wanakuja Alhamisi kutia saini. Niwaambie nini? Shamba lisilochoma limeungua lenyewe?" Alisimama dirishani akitazama bonde. Moshi mwembamba ulikuwa umeanza kuonekana, wa kijivu, umelala chini. "Watu wangapi wameuona?"

"Wanasema ni kungu."

"Basi waache waseme ni kungu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Mpaka Ijumaa tu, Baba Tusekile. Ijumaa tutajaza maji."

Sikumchukia, na leo simchukii. Alikuwa mwoga mwenzangu, ila aliogopa kitu kingine.

Nilitoka ofisini nikaenda Kisiwani asubuhi ileile. Njia nzima naichoma kwa mwanzi mbele ya mguu, namwomba Kyala kwa sauti, na watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakadhani nimerukwa na akili. Nilikuta mgomba mmoja umeanguka. Na uani, pembeni mwa kaburi la baba, mama yangu alikuwa ameketi amenyoosha miguu, kuku na vifaranga vyake wamelala karibu naye kwa raha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwana gwangu. Umekuja mapema. Njoo ukae hapa, pana joto." Akaniachia nafasi. "Siku hizi baba yako ananipasha moto miguu. Kila asubuhi nakuja hapa. Kyala ni mwema, ameujua ugonjwa wangu wa baridi."

Niliinama nikaweka nyuma ya kiganja kwenye lile tuta la kaburi.

Palikuwa pa moto kama ubavu wa chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Nilitazama nyumba ya udongo, nikatazama ule uwanja uliofagiwa vizuri, na kila mahali nilipotazama niliona shimo lisilokuwepo bado. Mama akaniangalia usoni, na akina mama hawadanganyiki.

"Kuna nini?"

"Ni moto, Mama. Uko chini. Kampuni imekausha bwawa na udongo unawaka. Inuka tuondoke sasa hivi."

Nilidhani atainuka. Badala yake alivuta kanga akaifunga vizuri kiunoni, akashika ukingo wa kaburi kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo baba yako anaungua."

"Mama..."

"Anaungua, nami nilikuwa naota moto hapa." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Unataka nimwache peke yake anaungua? Nenda wewe. Una mtoto wa kusomesha."

Mimi mwenye kuogopa kila kitu, niliogopa pale kuliko siku zote, kwa sababu nilimjua mama yangu. Nilipiga magoti, na magoti yalihisi joto la ardhi.

"Nitamletea maji," nilisema. "Leo hii, si Ijumaa. Nitalijaza bonde lote mpaka limfikie. Lakini siwezi kufungua maji wewe ukiwa hapa, Mama. Mikono itakataa. Twende, kisha nimletee maji."

Aliachia ukingo wa kaburi. "Apa."

Nikaapa, kwa jina la baba aliyekuwa chini yetu.

Nilimbeba mgongoni kama yeye alivyonibeba. Alikuwa mwepesi, jambo ambalo nalo lilinitia uchungu. Aliimba wimbo wa kanisani sikioni mwangu, polepole, na mimi nachomeka mwanzi, nakanyaga, nachomeka, nakanyaga. Ile njia niliyokuja nayo haikuwa ileile tena. Mahali pamoja mwanzi ulisema ndiyo na ardhi ikasema hapana. Mguu wangu wa kulia ulizama. Kovu mnalolijua, lile mnalodhani ni la baiskeli, ndipo nilipolipata. Mama hakuacha kuimba, ila alinibana shingo. Nilijitupa mbele kwa tumbo naye juu yangu, tukatambaa mpaka kwenye tuta la mfereji, kwenye udongo mwekundu, na hapo nililia kama mtoto bila kumwonea aibu mtu yeyote.

Dada Neema alitukuta pale. Aliwaacha wanawake wa palizi wamkalishe mama kivulini, akanifunga mguu kwa kilemba chake, kisha akaniuliza jambo moja. "Mlango wa juu ninaweza kuufungua mimi na vijana. Lakini wa chini utaufunga kwa kitu gani? Mbao ziko wapi?"

Nilikuwa nimelisahau hilo. Maji yote ambayo tungeyafungulia yangepita tu yakaenda zake ziwani. Mbao za juu tulikuwa nazo, nyembamba, za msonobari, lakini chini pale ambapo kijiko kilichimba, hakuna kitu ambacho kingehimili isipokuwa zile mbili za mninga. Tukageuka, sote kwa pamoja, tukalitazama bango.

Mama Lugano ndiye aliyetangulia. Alikuwa ameshaelewa kwamba moto ule ulitoka kwenye vigae vyao, na tangu hapo alikuwa akirudia maneno yaleyale, "Tuliufukia vizuri, jamani. Tuliufukia kama mama zetu walivyotufundisha." Alichukua jembe akalipiga lile bango kwa kisogo cha jembe, na wenzake wakafuata. Walilipiga kwa majembe, kwa mapanga, kwa mawe, misumari ikilia. Meneja alikuja na gari, akashuka, akabaki ameshika mlango wa gari. Nilidhani atatuzuia. Alisema tu, "Jamani, bango langu," kwa sauti ndogo, kisha akaona mguu wangu na yule bibi aliyeketi kivulini, akasogea. Alipoliona limeshindikana kubebeka, alilaza viti vya gari lake akasema pakieni.

Tulizishusha mbao saa ya jua kali. Nilisimama juu ya daraja, kamba kiunoni, kama mzee wangu alivyonifundisha. Ya kwanza ilikwenda chini na neno HALICHOMI likanitazama mpaka likazama kwenye tope. Ya pili ikaikalia. Juu yake tukapanga za msonobari. Kule juu Neema alishafungua, na baada ya muda tukayasikia maji kabla ya kuyaona.

Sitawaambia kwamba ilikuwa shangwe. Maji yalipofika kwenye ule moto ardhi ilinguruma. Mvuke ulipanda bonde zima, mweupe, na watu wa ng'ambo waliosema ni kungu walianza kukimbia. Nyumba ya mama ilikaa upande, ikalala. Siku nzima na siku iliyofuata tulisikia bonde likichemka, na mama hakutaka kuondolewa pale tutani. Kila ilipotulia aliniuliza, "Yamemfikia?" Nami nikamjibu, "Bado kidogo, Mama." Mpaka ikafika wakati nikaweza kumwambia yamemfikia, naye akalala usingizi palepale, kichwa juu ya kikapu.

Michikichi yote ilikufa. Wageni wa Alhamisi walikuta ziwa mahali palipokuwa na shamba na mashimo mawili mahali palipokuwa na bango. Haikuchukua muda kampuni ikafunga virago, na sisi tukarudi kwenye baiskeli. Dada Neema aliondoka na gari la mwisho. Alinishukuru kwa lugha yetu, "Ndaga fijo, baba," kwa matamshi mabovu kabisa, akacheka, akalia.

Mama aliishi nami hapahapa Bondeni, kwenye chumba mnachoachia majembe yenu. Sakafu ya saruji aliipenda kwa sababu ni baridi. Alipokuwa karibu kutuacha alinishika mkono akasema tumrudishe uani. Nilikwenda kwa mtumbwi na ule mwanzi. Nikauchomeka pembeni mwa baba, mara nyingi, huku na huku. Kila nilipoutoa ulikuwa umelowa, wa baridi, una tope mpaka juu. Tukamzika pale.

Sasa mmeajiriwa ninyi. Nimeambiwa ni mradi mwingine, wa watu wengine, na kwamba wana karatasi nzuri na maneno mazuri kuhusu hewa ya dunia, na huenda ni watu wema kama wale. Zibueni mifereji ya juu, hiyo haina neno. Fungeni kamba. Shikeni udongo, mkamue, mguse kwa nyuma ya kiganja, wala msione aibu wakiwacheka.

Lakini mtakapofika mlango mkuu, mkatoa za msonobari na mkakuta chini kabisa mbao mbili nene zina ukoko wa kijani, mtu akawaambia mzing'oe ili maji yaende haraka, mwambieni hapana. Akiwafukuza kazi, njooni kwangu mle. Wazazi wangu wamelala nyuma ya mbao hizo, na kiangazi kimeshaanza.